Unyevu Usifichwe: Nyumba na Mali Baada ya Masika



Masika yakiisha katika pwani yetu, jua hurudi, madirisha hufunguliwa, na kila mwenye nyumba huona yale ambayo mvua imemwachia. Ukuta umefanya baka, dari imebonyea, godoro linanuka, na gunia la mchele lililokuwa pembeni limelowa upande wa chini. Katika ukurasa wetu wa mwezi huu tumependa kuzungumza juu ya jambo hilo. Ni jambo la nyumbani, la afya na la mali. Lakini vile vile ni jambo la dini, na wengi wetu hulitazama kwa upande mmoja tu.

Kwanza tuondoe dhana isiyo sahihi. Wapo watu wanaoona haya kulalamika kwa hasara ya mvua, wakidhani kwamba kufanya hivyo ni kuikataa rehema ya Mwenyezi Mungu. Sivyo. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba mtu mmoja aliingia msikitini Madina siku ya Ijumaa, hali Mtume (s.a.w.) anahutubu, akamweleza kuwa mifugo inaangamia kwa ukame, akamtaka awaombee mvua. Mtume akaomba, na mvua ikanyesha tangu siku hiyo mpaka Ijumaa ya pili. Ijumaa hiyo akaja mtu tena, akaeleza kuwa sasa nyumba zinabomoka na mali inazama, akamtaka Mtume aombe mvua izuiliwe. Mtume hakumkemea wala hakumwambia kuwa amekosa shukrani. Aliinua mikono yake akaomba mvua iwe pembezoni mwao isiwe juu yao, inyeshe vilimani, mabondeni na penye miti.

Basi twajifunza kwamba mvua ni rehema, na nyumba inayobomoka kwa mvua ni msiba, na mambo hayo mawili hayapingani. Aliyepatwa na msiba ana haki ya kusema kuwa amepatwa.

Na miaka ya karibuni misiba hiyo imekuwa mingi. Desemba 2011 maji yaliwatoa watu wengi majumbani mwao katika bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, na jamaa nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Mvua za vuli za mwaka 2023, zilizoongezwa nguvu na El Niño, na masika ya 2024 yaliyofuata, zilileta mafuriko Kenya na Tanzania, watu wengi wakafa na maelfu wakakosa pa kulala. Lakini leo hatuandiki juu ya nyumba iliyochukuliwa na maji. Twaandika juu ya ile iliyosimama: maji yameingia, yametoka, na mwenyewe amekaa kizingitini akijiuliza aanze wapi.

KISA CHA CHAKULA KILICHOLOWA

Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye fungu la chakula kilichokuwa kikiuzwa, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta umajimaji. Akamwuliza mwenyewe sababu yake. Yule mtu akajibu kuwa kimenyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza ni kwa nini basi asikiweke juu kile kilicholowa ili watu wakione, kisha akabainisha kwamba mwenye kudanganya watu si katika wafuasi wake.

Tukizingatie kisa hiki vizuri. Mtu yule hakukilowesha chakula chake. Mvua ni kudura ya Mwenyezi Mungu, na Mtume hakumlaumu kwa kunyeshewa. Wala katika habari hii hatusomi kwamba aliamriwa afunge biashara yake aende zake. Lawama ilimfika kwa jambo moja tu, nalo ni kukiweka kikavu juu na kilicholowa chini. Msiba wake haukuwa dhambi. Dhambi ilikuwa katika kuuficha.

Nasi twasema kwamba kanuni hiyo moja yatosha kutuongoza katika kazi zote za nyumba baada ya mvua. Unyevu usifichwe. Usifichwe ukutani, usifichwe guniani, usifichwe kwa mpangaji wala kwa mnunuzi. Na tutaona kwamba yale ambayo sheria yetu yakataza kwa ajili ya haki za watu, mafundi na matabibu nao huyakataza kwa ajili ya usalama wa kuta na miili.

NYUMBA YENYEWE

Kabla ya kushika chochote katika nyumba iliyoingiwa na maji, uzimwe umeme wote katika swichi kuu. Ikiwa swichi yenyewe imelowa, au ikiwa hapana njia ya kuifikia ila kwa kusimama majini, isiguswe. Aitwe fundi wa umeme au watu wa shirika la umeme. Watoto wawekwe mbali mpaka kazi hiyo imalizike. Kisha itazamwe dari. Dari iliyoshika maji ikabonyea huweza kuanguka kwa ghafla, na haifai mtu kulala wala kukaa chini yake.

Baada ya hayo, yatolewe maji na matope, yafunguliwe madirisha na milango yote, na vitu vitolewe juani. Jambo hili halitaki kungojewa mpaka mwisho wa juma. Kuvu huanza kuota katika vitu vilivyolowa kwa muda wa siku moja au mbili tu, na kuvu hiyo huwadhuru watu kifuani, hasa watoto wachanga, wazee na wenye pumu. Makabati yasogezwe mbali na ukuta ili hewa ipite nyuma yake. Godoro lililoingiwa na maji yaliyochanganyika na maji ya choo litupwe, hata likiwa jipya, maana halisafishiki ndani. Kuta na sakafu zioshwe kwa maji na sabuni, na mwenye kuosha avae glavu na afunge pua na mdomo. Mwenye kutumia dawa ya klorini asiichanganye na dawa nyingine za kusafishia, kwani mchanganyiko huo huweza kutoa hewa ya sumu.

Akina mama huuliza mara nyingi juu ya tohara ya vitu hivi. Kwa madhehebu ya Imam Shafii, matope ya njiani wakati wa mvua husamehewa, kwa kuwa ni vigumu kujikinga nayo, madhali najisi yenyewe haionekani. Ama ikiwa maji yaliyoingia yamebadilika rangi, harufu au tamu kwa sababu ya najisi, basi maji hayo ni najisi na kila kilichoguswa nayo huoshwa. Huondolewa kwanza najisi yenyewe, kisha humiminwa maji safi juu yake. Sakafu na ardhi hazihitaji zaidi ya hayo; yule Bedui aliyekojoa katika msikiti wa Mtume, ndoo ya maji ilimwagwa mahali pale, basi. Misahafu na vitabu vya dini vilivyolowa vikaushwe kivulini mahali penye upepo, na kati ya kurasa zake vitiwe vipande vya karatasi safi. Msahafu usioweza tena kusomeka, huchomwa au huzikwa mahali pa heshima, wala hautupwi jaani.

Sasa tuje kwenye ukuta. Majumba ya kale ya Lamu, ya Mji wa Kale wa Mombasa na ya Mji Mkongwe wa Unguja yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Mawe hayo yana vitundu vingi nayo hunywa maji. Chokaa nayo yakubali unyevu uingie na yakubali utoke. Jua likirudi, ukuta hupumua ukakauka. Wazee waliojenga majumba yale walilijua hilo, ndiyo sababu walikuwa wakipaka chokaa tena na tena.

Walakini siku hizi mwenye nyumba akiona baka la unyevu ukutani, aghalabu humwita fundi akampigia lipu ya saruji, kisha juu yake akapaka rangi ya mafuta. Kwa miezi michache ukuta hupendeza. Lakini saruji ni ngumu, nayo huufungia unyevu ndani ya ukuta. Maji yaliyozuiliwa kutoka hapa hutafuta njia pengine. Chumvi iliyomo ukutani hujikusanya nyuma ya lipu na kuisukuma mpaka ikavimba na kubanduka. Lililo baya zaidi halionekani kabisa: vichwa vya boriti vilivyoingia ndani ya ukuta huoza polepole, na mchwa huufuata mti wenye unyevu. Ndani ya nyumba watu wamekaa, wanakula na kulala, na juu ya vichwa vyao boriti haina tena nguvu ya kushika.

Dawa yake si ngeni wala si ya gharama kubwa kushinda hasara. Kwanza itafutwe asili ya maji: je, yatoka katika paa, katika mlizamu ulioziba, katika bomba linalovuja, au yapanda kutoka ardhini? Hapana maana ya kutibu ukuta ilhali maji yangali yakiingia. Pili, ukuta uachwe ukauke, na ukuta mnene wa mawe huhitaji majuma mengi. Tatu, upigwe lipu ya chokaa, si ya saruji, na boriti zote zikaguliwe vichwani kwa kuchokolewa kwa msumari. Penye kuingia msumari bila ya taabu, hapo pana hatari, na aitwe fundi anayezijua nyumba za mawe.

Mfano uko mbele ya macho yetu. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ilikuwa fahari ya mji mzima. Ubovu wake ulikuwa ukionekana kwa miaka, na baadhi ya sehemu zake zilikuwa zimekwisha kuanguka huko nyuma. Tarehe 25 Desemba 2020, hali matengenezo yanaendelea, upande mmoja wa jumba ukaporomoka na watu wakapoteza maisha yao. Jumba kubwa haliwi bovu kwa siku moja. Na ikiwa jumba la Sultani halikuweza kuustahimili ubovu wa miaka mingi, nyumba zetu sisi za vyumba viwili vitatu zitaweza?

Wenye nyumba za matofali ya saruji na mabati nao wasijione kuwa wamesalimika. Watazame misumari ya paa na kutu iliyoizunguka. Watazame nyufa mpya ukutani, na mlango uliokuwa ukifunga vizuri ambao sasa wakwama. Hizo huweza kuwa dalili kwamba msingi umeshuka. Wenye nyumba za udongo wasilale karibu na ukuta uliosimama majini mpaka ukauke na ukaguliwe, kwani aghalabu kuta hizo huanguka baada ya mvua kukatika, wakati watu wamekwisha kujiona salama.

GUNIA LA NAFAKA

Tuliona kwamba Mtume (s.a.w.) alitia mkono wake ndani ya chakula. Leo elimu ya matabibu inatuonyesha hatari iliyoweza kuwemo ndani ya fungu kama lile.

Nafaka na karanga zilizolowa au zilizowekwa kabla ya kukauka vizuri huota kuvu, na baadhi ya kuvu hizo hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo yenyewe haionekani kwa macho, wala haitoki kwa kupikwa. Huharibu ini, ikiwa nyingi huua kwa muda mfupi, na ikiwa kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani. Mwaka 2004, katika nchi ya Ukambani huko Kenya, zaidi katika wilaya za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Mahindi yale yalikuwa yamewekwa yakiwa na unyevu. Wengi waliyala majumbani mwao, kwa ugali wa kila siku, nao hawakujua.

Kwa hiyo mama wa nyumbani asisikitike kupita kiasi anapotupa mchele au unga ulioguswa na maji ya mafuriko, au nafaka iliyoota kuvu. Kutupa huko si israfu. Israfu ni kupoteza chenye manufaa, na chakula chenye sumu hakina manufaa tena. Wala asiwape kuku na ng'ombe akidhani kuwa ameokoa kitu, maana wanyama nao hudhurika, na ng'ombe aliyelishwa sumukuvu huitoa katika maziwa yake, na maziwa hayo hunywewa na watoto.

Hapa ndipo penye mtihani mkubwa, nasi hatutaki kuupitia juu juu. Tumfikirie mfanyabiashara mdogo mwenye duka la mtaani. Amenunua magunia ishirini ya mahindi, nusu ya bei yake ni deni. Usiku mmoja mvua imepita katika bati, na asubuhi magunia sita yamelowa. Akiyatoa na kuyatangaza, hasara ni yake peke yake. Akiyachanganya na makavu, hapana atakayejua, na hasara itagawanyika kwa watu mia, kila mmoja kidogo. Shetani hamwambii mtu huyo aibe. Humwambia tu, “Anika kidogo, changanya, watu hawatambui.” Na huyo mtu si mwovu, ana watoto, na ana mwenye kumdai.

Twamwambia ndugu huyo kwa upole lakini kwa uwazi: huna ruhusa. Yaliyolowa yatengwe siku hiyo hiyo na kuanikwa mbalimbali na makavu, yasirundikwe. Yaliyonyeshewa kwa maji safi ya mvua, yakakauka upesi na wala hayakuota kuvu, huweza kuuzwa kwa kutajwa aibu yake na kupunguzwa bei. Yaliyoota kuvu hayauzwi kwa bei yoyote, hata kwa mwenye kuyataka, kwa sababu kutaja aibu humwondolea muuzaji udanganyifu, lakini hakumhalalishii kuuza kinachodhuru watu.

Lakini neno letu haliishii kwa mfanyabiashara. Sisi wanunuzi nasi tuna sehemu yetu. Tukimtaka mtu akiweke juu kilicholowa, haifai tena tumkimbie anapofanya hivyo, tukaenda kwa jirani yake anayeficha. Mtu aliyesema kweli akafilisika hali majirani wanamtazama, huwa somo baya kwa wafanyabiashara wote wa mtaa. Tukinunue kile kilicho salama kwa bei aliyopunguza. Mdai wake naye ampe muda, kwani Qurani imetufundisha kumngoja mdaiwa aliye katika dhiki mpaka apate wasaa, na kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Na akihitaji, asaidiwe katika zaka na sadaka. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Qabisa (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliwataja watu watatu wanaoruhusiwa kuomba, na mmoja wao ni yule ambaye mali yake imepatwa na maafa yakaiteketeza, huyo yuko halali kuomba mpaka apate cha kumsimamisha. Ukweli wa mtu mmoja hubebwa na watu wengi. Tusiwatake watu wawe wakweli katika hasara, nasi tukawaacha na hasara yao.

MPANGAJI, MNUNUZI NA JIRANI

Desturi moja imeenea katika miji yetu, nayo ni kupaka rangi chumba kilichoingiwa na maji siku mbili kabla ya mpangaji mpya kuja kukitazama. Rangi yang'aa, harufu yake yaficha ile nyingine, na mpangaji hutoa kodi ya miezi sita mkononi. Masika yajayo watoto wake wanakohoa. Hili halina tofauti na lile fungu la chakula: kikavu juu, kilicholowa chini.

Mafakihi wetu wameeleza kwamba anayeuza kitu chenye aibu ni wajibu wake kuitaja, na kwamba mnunuzi aliyekuta aibu ya tangu mwanzo ambayo hakuijua ana hiari ya kukirudisha. Hukumu hiyo yahusu nyumba kama inavyohusu nguo, jokofu, na gari lililozama majini kisha likaoshwa na kutiwa manukato. Anayepangisha naye hana ruhusa ya kumghuri mpangaji wake. Mwenye nyumba na amwambie mtu, “Chumba hiki huingia maji upande huu, nimetengeneza hivi, na hivi bado.” Huenda akapunguza kodi. Lakini alichopunguza kimetoka katika mali ya shaka, na alichobaki nacho ni halali tupu. Mpangaji kwa upande wake asikae kimya anapoona baka dogo, akangoja mpaka ukuta umeharibika, ati kwa sababu nyumba si yake. Nyumba aliyokodi ni amana mikononi mwake.

Kadhalika vitu vilivyowekwa kwetu. Ikiwa mtu alituachia sanduku lake likalowa kwa mvua bila ya sisi kufanya uzembe, sheria haitulazimishi kulipa. Lakini yatulazimu kumwarifu upesi, tukaanika vitu vyake kama tulivyoanika vyetu. Ama tukiliacha sakafuni tukijua kuwa maji huingia, tukainua ya kwetu tu, basi huo ni uzembe, na dhamana ni juu yetu.

Ama jirani, maji ya paa letu yaenda wapi? Ugomvi mwingi wa mitaani baada ya masika hutokana na mlizamu unaomwagia ukuta wa mwingine. Katika Musnad ya Imam Ahmad imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alipita siku ya Ijumaa, amevaa nguo zake za kuendea msikitini, chini ya mlizamu wa nyumba ya Sayyidna Abbas (r.a.), yakammwagikia maji yaliyochanganyika na damu ya vifaranga vilivyochinjwa. Akaamuru mlizamu ule uondolewe, akarudi kubadili nguo, akasalisha. Baadaye Abbas akamjia akamwapia kwamba mahali pale ndipo Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipouweka. Umar, naye ndiye Amirul-Muuminina, akamshurutisha Abbas apande juu ya mgongo wake aurudishe mahali pake. Abbas akafanya hivyo.

Watu hawa wawili hawakukaa mwaka mzima bila ya kusemeshana. Mmoja aliona madhara akayaondoa. Mwingine alikuwa na hoja, akaja kwa miguu yake akaitoa. Na mkubwa alipojua haki iko wapi, aliinama. Nasi majirani tulioachana salamu kwa sababu ya bati lililozidi shubiri mbili, tungeweza kuyamaliza kwa kikombe kimoja cha kahawa na siku moja ya kazi. Dini yetu imeweka msingi kwamba mtu asidhuru wala asilipize madhara kwa madhara. Kwa hiyo kila mmoja na atoke nje mvua inaponyesha, atazame maji yake yanakoishia. Yakiwa yanaishia katika ukuta wa mwenziwe, mlizamu huo ni mzigo wake kuuhamisha.

NENO KWA VIJANA

Enyi vijana wetu, ninyi ndio wenye nguvu ya kupanda paa na kubeba godoro. Katika kila mtaa yupo bibi kizee anayeishi peke yake, au mjane mwenye watoto wadogo, ambaye maji yameingia kwake naye hana wa kumtolea. Mara nyingi naye huficha, kwa haya. Msingojee aombe. Kusanyikeni wanne watano baada ya sala ya Alfajiri ya siku ya mapumziko, bisheni hodi, mwulizeni mama kama dari inavuja. Mtatoa vyombo, mtaanika, mtazibua mchirizi, na kabla ya adhuhuri mmemaliza. Na kabla ya vuli kuanza zungukeni tena, mzibue mitaro ya mtaa, mwondoe takataka, kwani mtaro ulioziba kwa mifuko na makopo ya watu mia huingiza maji katika nyumba ya mmoja.

Na jambo hili lisiwe la siku za msiba tu. Kila nyumba iwe na siku yake mbili katika mwaka, moja kabla ya masika na moja kabla ya vuli: baba au kijana mkubwa apande atazame paa, mama atazame pembe za makabati, nafaka ziinuliwe juu ya vichaga mbali na sakafu na ukuta, na hati za nyumba, vyeti vya watoto na misahafu viwekwe mahali pa juu katika mfuko usiopenya maji. Kinga ya shilingi chache huokoa maelfu. Na kama wasemavyo wazee, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie mvua yenye manufaa isiyo na madhara, azihifadhi nyumba zetu na walio ndani yake, awafidie waliopata hasara kwa kheri iliyo bora, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoiweka aibu ya mali yao mahali watu wanapoiona. Amin.

Wabillahi tawfiq.